Rudi Mpaka kwenye Mgomba

Kibao cha gereji yangu kina picha ya pikipiki ambayo watu wote wa Mpepai wanasema imepata ajali. Haijapata ajali, jamani. Iko mwendoni. Ukiisogelea unaona madoadoa tu: mekundu, ya fedha, ya udongo, na kidoa kimoja cha njano ambacho hata mimi mwenye kibao sikujua kinatafuta nini pale. Lakini vuka barabara, simama kwa mama wa maandazi, halafu geuka. Inakuja! Siku ya kwanza niliruka pembeni na andazi mdomoni, yule mama akacheka mpaka mengine yakaungua kwenye mafuta.

Aliyeichora ni Othmar, jirani yangu. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha mkono wake wa ule msimu. Kile kingine, kile chenyewe hasa, kipo makaburini na hakipo. Nitakueleza.

Othmar unayemwona leo anapita na ndoo ya chokaa siye yule. Zamani alikuwa fundi wa vibao, na kuanzia kwetu mpaka Mbinga mjini ilikuwa kazi kupata duka ambalo hajalitia mkono. Ng'ombe wa buchani, yule anayecheka kama hajaambiwa mle ndani mnafanyika nini, ni wake. Mikasi ya saluni ni yake. Malaika wa kigangoni kwetu ni wake pia, na ana masikio ya katekista. Katekista alijitambua, akafurahi sana, tangu hapo anasoma masomo akiwa amegeuka upande. Na kila kitu Othmar alikizungushia mstari mweusi mnene. Ng'ombe mstari, mkasi mstari, malaika mstari mpaka unyoya wa mwisho. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu na brashi iko sikioni:

"Kitu kisicho na mpaka mweusi hakijaisha."

Hilo neno lishike, maana na wengine walilishika.

Mkewe alikuwa Hedwiga, mtu wa Ngumbo, kule chini ziwani. Kazaliwa anasikia mawimbi, kaja kuolewa huku juu kwenye baridi na ngolo zetu, haya mashimo tunayolimia milimani, ambayo yeye alisema yanafanana na uso wa mtu aliyepona ndui. Alipofika tu aliuliza, "Maji yenu yako wapi?" Wakampeleka kwenye mfereji. Sasa mfereji wetu ulikuwa unatoka banioni, pale maji yanapokingwa kule kijitoni, unapinda na mlima, unapita chini ya migomba, unaingia kwenye mashamba ya kahawa na kuishia humo humo. Upana wake, mbuzi anavuka bila kuacha kutafuna. Hedwiga alikaa chini kwenye majani akacheka.

"Hili ndilo ziwa lenu? Mmelifua likanywea kama nguo?"

Lakini alilipenda. Alilifanya likawa la kwake. Msimu wa kahawa, asubuhi ukungu ukianza kunyanyuka, utamkuta chini ya ule mgomba mkubwa, miguu majini, kitambaa cha njano kichwani, beseni la kahawa mbivu mbele yake. Zinazozama ndizo nzuri. Zinazoelea mbovu, anazikusanya kwa kiganja na kuzitupa pembeni, huku anaimba Kinyasa. Alikuwa anasema yale maji yanakwenda kwao, kwa hiyo anayapa salamu yampelekee mama yake. Hayaendi. Yalikuwa yanaishia kwa Mzee Mansuetus, kwenye kahawa zake. Sisi tulijua, na yeye alijua, na salamu alituma.

Othmar alikuwa anapita hapo kila asubuhi na makopo yake akienda kazini.

"Fundi!" Hedwiga anamwita. "Nichore basi na mimi."

"Nikuchore una biashara gani?"

"Nauza maneno."

"Hayo kijiji kizima kinauza. Utakosa wateja."

Wanacheka, anapita. Ikawa hivyo miaka yote ya ndoa yao. Hakumchora.

Hawakujaliwa mtoto. Nakuambia mapema usije ukauliza kama kuna hata mmoja aliyebeba pua yake.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, kichomi kikamshika. Alitoka kwenye mfereji ule ule akitetemeka, akasema sisi Wamatengo tumemtilia barafu kwenye ziwa lake. Bado alikuwa anatania. Tukampeleka hospitali, tukarudi naye kwenye sanduku.

Ulipokaribia mwaka akaja Dastan, kaka yake Hedwiga, mvuvi, mtu mwema sana. Wema wake nautaja makusudi. Alisema ukweni wanaomba kitu kimoja tu: siku ya kubariki msalaba, pawe na picha ya dada yao kaburini. Siku hizi makaburi yote yana picha, hata la mlevi Salvatory, ambaye kwenye picha ameshika Biblia iliyofunguliwa juu chini.

Sasa picha itoke wapi? Simu ya Hedwiga ilikuwa kitochi. Picha ya harusi ilikuwa imeliwa na ukungu ukutani, vimebaki viatu vya Othmar na nusu ya padri. Kitambulisho cha taifa alikuwa na namba tu, kadi tunaisubiri mpaka leo. Kwenye simu za watu, kila sherehe yumo, lakini yuko nyuma, anakoroga sufuria, au mtu amesimama mbele yake. Ikabaki kadi ya kupigia kura. Othmar aliitazama akairudisha mezani.

"Huyu siye. Huyu ni mtu aliyeambiwa asicheke."

Vijana wa stesheneri mjini wakasema hakuna shida, wanaikuza, wanamvalisha koti la suti na mkufu, nyuma wanamwekea bustani yenye bata mzinga. Dastan alianza kukubali. Othmar akasema, "Mniache. Nitamchora mimi."

Wote tukafurahi. Kumbe pale ndipo palipokuwa na shida.

Alinunua plaiwudi, akaipiga msasa, akaanza kwa namna yake: mstari mweusi, uso, macho, pua. Akatoka mwanamke mzuri kabisa, yule yule wa kibao cha saluni. Akafuta. Mara ya pili akatoka Bikira Maria. Akafuta. Nilimkuta amekaa uani, ubao uko magotini, mikono myeusi mpaka viwiko.

"Baba Glorious," akaniambia, Glorious ni binti yangu wa kwanza, "pua yake ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

"Unaona? Na mimi hivyo hivyo. Nikimtafuta amesimama simwoni. Namwona akiinama tu. Kile kitambaa kinaingia majini, maji yanakitawanya. Hapo namwona vizuri kabisa. Nikimwambia simama nikuchore, anapotea."

"Si umchore akiinama?"

Alinitazama kama nimemtukana. Kesho yake alikuwa mfereji­ni kabla sijafungua gereji.

Na hapo muda wenyewe ulikuwa mdogo. Mradi wa bomba ulikuwa umefika kijijini, mabomba yamelazwa, na tulishatangaziwa kwamba siku maji yatakapofunguliwa, banio la mfereji litazibwa, maana kijito hakitoshi kulisha vyote viwili. Hakuna aliyelalamika. Nani anataka kubeba ndoo? Lakini Othmar alitakiwa ayawahi yale maji. Na si maji tu, jua lake pia. Jua la pale halikai: ukungu ukinyanyuka linaingia kati ya majani ya mgomba, linapiga mfereji, maji yanawaka, halafu linapanda juu na yote yanakuwa maji ya kawaida ya kuoshea miguu. Hapo katikati ndipo alipokuwa anafanya kazi. Likipita anafunga makopo, anangoja kesho. Kazi za watu zilimngoja. Ng'ombe wa bucha mpya alikaa bila miguu ya nyuma mpaka mwenye bucha akaja kunishitakia mimi.

Siku za kwanza alishindwa. Aliyachora maji akayawekea mpaka, akaniita. "Unaona nini?"

"Barabara," nikasema.

"Ya lami?"

"Ya lami kabisa. Bado alama za barabarani tu."

Akacheka, halafu akalia kidogo, akachukua kopo lake la rangi nyeusi akanipa nikapakie fremu za baiskeli. Tangu hapo hakugusa nyeusi. Akasema maji hayana mpaka, na tena hayana rangi. Yanaazima. Yanaazima kwa mgomba, kwa ukungu, kwa mtu aliyesimama. Basi akaacha kupaka, akaanza kudonoa. Brashi inagusa inatoka, inagusa inatoka, kama kuku kwenye mtama. Hakuchanganya rangi. Kijani anaiweka hapa, njano pembeni yake, anaziacha zimalizane zenyewe. Na rangi zenyewe zilikuwa masalia ya kazi zake: kijani ya duka la dawa, njano ya baa, nyekundu ya bucha. Chini ya mgomba akaweka zambarau.

"Zambarau ya nini pale?"

"Kivuli."

"Kivuli cha zambarau? Nani kakudanganya?"

"Nenda kakiangalie."

Nilikwenda kwa dharau. Nikakaa nje nikatazama kivuli cha sufuria yetu ukutani jioni ile mpaka mke wangu akauliza kama nimelogwa. Kilikuwa zambarau. Sijapata raha na vivuli tangu siku hiyo.

Sehemu ngumu ilikuwa kile kitambaa. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshagawanywa, lakini hicho alikificha. Alitaka kuona njano inavyovunjika juu ya maji. Akaniomba nisimame majini.

Nilisimama. Mwanaume mzima, mwenye gereji, miguu kwenye barafu, kitambaa cha njano kichwani, nimeinamia beseni. Wanawake wa jirani wakapita na majembe.

"Shikamoo mama!" Mama Bonifasia akaniamkia, amepiga goti kabisa.

"Marahaba mwanangu," nikajibu. Ungenishauri niseme nini?

Wakaenda wakicheka bonde zima. Othmar hakucheka. "Inama vizuri. Si hivyo, unainama kama unatafuta spana. Yeye alikuwa anainama kama anamsikiliza mtu."

Nikajaribu kusikiliza. Maji yalikuwa yanasema mambo yake.

Siku aliyomaliza aliuegemeza ubao kwenye ukingo, juu ya jiwe. Kwa karibu, nakuambia kweli, niliona matapishi ya duka la rangi. Nilianza kutafuta maneno ya kumpa pole. Akanishika mkono akanirudisha kinyumenyume mpaka kwenye mgomba, bega langu likagusa shina.

"Sasa angalia."

Alikuwepo. Jicho hakuna, pua hakuna, mdomo hakuna. Ni mgongo umeinama tu, na mkono uko karibu kuzikusanya zile kahawa zinazoelea, na njano imeanguka majini vipande vipande, na ukungu unaondoka nyuma yake. Nilimwona mpaka nikajua ameshaanza wimbo. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Shemeji, umeamkaje?"

Othmar akakaa chini pale pale.

"Umemwona."

"Nimemwona."

"Basi yupo," akasema. "Nilikuwa naogopa, Baba Glorious. Nikikosa hii, hayupo tena mahali popote."

Furaha ile ndiyo iliyochora pikipiki yangu. Alikuja mchana na rangi zilizobaki akanifanyia kibao. Kile kidoa cha njano sasa unajua kimetoka wapi.

Haikupita wiki, bomba likafunguliwa. Ngoma, pilau, viongozi. Banio likazibwa kwa sementi, mfereji ukanywea, ikabaki tope na vyura wanaoshangaa. Othmar alipiga makofi na wenzake, akaninong'oneza, "Nimewahi." Ubao alikuwa ameuweka ndani, kwenye kile chumba chake cha mbele, nyuma ya magunia. Chumba chenyewe ukiingia magoti yako yako kwenye kochi na kisogo chako kiko mlangoni. Pa kurudi nyuma hapana.

Sasa sisi tuna ngokela. Mtu akizidiwa na kazi, tunamwendea wote, tunaimaliza, tunakula, tunaondoka. Na mfiwa hatungoji atuite. Kazi ya mfiwa haiachwi nusu, ni aibu ya kijiji. Ilipobaki siku moja tubariki msalaba, watu wakapanga kumfanyia Othmar ngokela: wapige ngolo zake, wapake nyumba chokaa, wasafishe kaburi. Ukweni walikuwa wamefika kutoka Ngumbo, Dastan, mdogo wao Benadetha, na mama yao mzazi, na usipa wa kutosha, dagaa wa kwao ziwani. Mimi na Othmar tukaondoka asubuhi kwenda mjini kufuata msalaba kwa mchomeleaji.

Tulirudi nao kwa pikipiki yangu, Othmar nyuma ameukumbatia, mikono ya msalaba imetokeza huku na huku. Njia nzima watu wanajipiga ishara ya msalaba tukipita. Mmoja akavua kofia. Nikamwambia Othmar, leo hata trafiki hatusimamishi. Akacheka. Nakumbuka alicheka, kwa sababu sijasikia kicheko chake tena.

Tulipoingia uani, vigelegele. Nyumba nyeupe, uwanja umefagiliwa, maharage yanachemka, watu wote wamesimama upande mmoja kama kwaya. Dastan akatukimbilia, mikono yake ya bluu.

"Shemeji! Fumba macho kwanza!"

"Kuna nini?"

"Fumba tu, shemeji. Umechoka sana. Leo tumekupumzisha."

Wakamshika mabega wakamsogeza. "Fumbua!"

Ubao ulikuwa juu ya kiti, umepambwa maua. Mfereji ulikuwa bluu, bluu moja, laini, toka mwanzo mpaka mwisho. Mgomba kijani, una mstari. Na katikati alisimama mwanamke, ametutazama sisi, macho mawili, pua, midomo myekundu, kitambaa cha njano kimezungushiwa mstari mweusi kama gurudumu. Pembeni ya ubao alisimama Benadetha na uso ule ule.

"Nimekaa kwenye kigoda toka mmeondoka, shemeji," Benadetha akasema, anajishika shingo, machozi yanamtoka kwa furaha. "Nikasema hata shingo ikatike. Si wanasema tulifanana na dada?"

Walifanana jina la baba.

"Tulipotoa magunia tupake chokaa ndipo tukaiona," Dastan akaeleza. "Tukasikitika! Mkono wa mfiwa unatetemeka, shemeji, hata mimi baba alipokufa nilishindwa kufunga wavu. Uso hujaweka, maji vipande vipande. Nikasema, mimi si ndiye naandika majina ya boti zote Ngumbo? Na rangi nilikuja nayo nipake reli ya kaburi. Hii ni ya boti. Ipigwe mvua, ipigwe jua, haitoki."

Mzee Mansuetus naye akasogea na fimbo yake, ametabasamu. "Si wewe mwenyewe unasema, kitu kisicho na mpaka mweusi hakijaisha? Basi tumekumalizia."

Watu walikuwa wanangoja. Kina mama mikono imeshafika mdomoni tayari kwa vigelegele. Mimi nilimwangalia Othmar, nikaona anaangalia mikono ya Dastan, ile bluu iliyoingia mpaka chini ya kucha. Yule mtu alikuwa amepaka toka asubuhi bila kula.

"Asanteni," Othmar akasema. "Mmefanya kazi kubwa sana."

Vigelegele vikapasuka. Katikati ya vile vigelegele nikamwona anarudi kinyumenyume, taratibu, mpaka mgongo ukagonga ukuta wa jiko. Nikaenda nikasimama naye, nikaangalia na mimi. Benadetha alikuwa anatuangalia. Tungerudi mpaka Mbinga, bado angekuwa Benadetha.

Jioni, wageni wakila, aliuchukua ubao akazunguka nao nyuma ya jiko, nikamfuata. Alikuwa na kitambaa na tina ya kulainishia rangi. Akajaribu kwenye kona ya chini, pale ambapo njano ilikuwa inavunjika. Akasugua kidogo, akangoja, akasugua. Rangi ya boti ikajikunja ikatoka kama ngozi ya nyoka, na ile yake ya chini ikatoka nayo, imegandamana nayo. Kilichobaki ni plaiwudi.

"Jaribu pengine," nikamwambia.

"Kote ni yale yale."

"Ichore upya, Othmar. Nitavaa kile kitambaa. Mbele ya kijiji kizima nitakivaa."

"Maji yako wapi?"

Tuliyasikia, kwa kweli, yalikuwa yanatiririka bombani mlangoni kwake, mtu ananawa mikono.

Akaenda akaomba kopo la bluu na la nyeusi kwa Dastan. Akapaka ile kona, akaiziba vizuri, akaifuatilia na mstari mweusi, mkono hautetemeki hata kidogo. "Dastan asije akaona," akasema.

Kesho yake padri akabariki. Maji ya baraka yakapiga ile rangi yakateleza, kweli haitoki. Watu walilia. "Ndiye! Ndiye kabisa!" Mama Bonifasia alisema hata macho yanamfuata, na mimi nilimjua Hedwiga hakuwahi kumfuata mtu kwa macho. Kisha wakamsogeza mama yake mzazi, kikongwe, wamemshika huku na huku. Akainama mpaka pua iko karibu na ubao. Akaangalia, akaangalia.

"Huyu Benadetha," akasema. "Benadetha hajafa, mbona mmemweka hapa? Hedwiga yuko wapi?"

"Macho ya mama yamechoka," Dastan akawaambia watu, kwa upole.

"Hedwiga yuko wapi?" kikongwe akauliza tena.

Othmar akamshika mkono. "Hata mimi namtafuta, mama."

Watu wakadhani wanaliwazana. Wimbo ukaanzishwa.

Basi ndiyo hivyo. Hachori tena. Anapaka kuta za watu chokaa, rangi moja, juu mpaka chini, na ukimwomba hata namba ya simu ukutani anakuambia hajui kuandika. Dastan akipanda huku anampitia, anamletea usipa, wanakaa pamoja, na anapoondoka hupita makaburini akafuta vumbi kwenye kazi yake. Nani amwambie? Umwambie amefanya kosa gani, ametusaidia?

Mwezi uliopita Othmar alikuja gereji akakaa kwenye tairi, akaniambia jambo ambalo ningefurahi asingeniambia. "Sasa hata nikifumba macho, Baba Glorious, nikimtafuta akiinama, anainuka. Na akiinuka ni Benadetha."

Nilimwambia aangalie kibao changu, labda kile kidoa. Alivuka barabara, akasimama kwa mama wa maandazi, akaangalia. Akarudi. "Ile ni pikipiki," akasema.

Juzi nikapita mfereji­ni asubuhi, ukungu unanyanyuka. Ni mtaro sasa, umejaa majani makavu na chupa, na watu wa pande zile wameanza kupanda maboga ndani yake. Jua likaingia kati ya majani ya mgomba kama zamani, likapiga tope. Othmar alikuwa pale, ndoo ya chokaa ameiweka chini, ameutazama ule mtaro, anarudi kinyumenyume. Alifika kwenye mgomba akaupita. Akaingia kwenye ngolo za watu, mguu unazama shimoni anautoa, anazidi kurudi, macho mbele.

"Bado?" nikamwuliza.

"Bado," akasema, akarudi nyuma tena.